Punda wa Moldova, dogo wa London na machawa wa Barcelona: Hivi ndivyo mashabiki wanavyopigwa fiksi mtandaoni

JANUARI 2009, gazeti la The Times la Uingereza lilitoa orodha ya chipukizi 50 wa soka wanaokuja kwa kasi duniani. Nafasi ya 30 ilikwenda kwa dogo mmoja kutoka Moldova aitwaye Masal Bugduv. Umri miaka 16, mshambuliaji, klabu yake Olimpia Balti. Gazeti likasema anahusishwa sana na Arsenal na kilichobaki ni kibali cha kazi tu.

Tatizo lilikuwa moja. Dogo huyo hakuwepo. Hakuwahi kucheza Olimpia, hakuwahi kuvaa jezi ya Moldova na Arsenal haikuwahi kumfuata, kwa sababu alikuwa ametungwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta.

Namna alivyotungwa ndiyo inayofaa kusomwa na kila shabiki mwenye simu na bando. Mtunzi hakuanza na uongo mkubwa. Alianza kwa kubandika taarifa fupi fupi kwenye majukwaa ya mashabiki, zimeandikwa kwa mtindo wa shirika la habari la AP, kavu na zenye kuaminika. Baadaye jina la Bugduv likachomekwa Wikipedia. Taarifa zikataja gazeti la Moldova lililoitwa Diario Mo Thon kuwa ndilo chanzo. Kwa hiyo aliyetaka kuhakiki alifungua ukurasa wa pili, akakuta habari ileile. Akafungua wa tatu, akakuta ileile. Akaridhika. Hakujua kwamba kurasa zote tatu zimetoka kwenye mkono mmoja.

Waliomuumbua hawakuwa wahariri wala maskauti. Walikuwa mashabiki wenzake, waandishi wa blogu waliokaa na kuchimba mstari kwa mstari. Wanaojua lugha ya Kiayalandi wakashtuka. Ukilitamka jina la Masal Bugduv haraka haraka, linafanana na 'm'asal beag dubh', yaani 'punda wangu mdogo mweusi', jina la hadithi maarufu ya mwandishi Pádraic Ó Conaire wa Ireland. Na lile gazeti la Mo Thon? Kwa Kiayalandi linasikika kama 'makalio yangu'.

Yaani gazeti kubwa la London lilikuwa limemweka punda kwenye orodha ya nyota wa kesho, huku mtunzi akiwa ameacha matusi yake hadharani muda wote akisubiri nani atayaona.

KABLA YA INTANETI ILIKUWA SIMU

Fiksi kwenye soka haikuletwa na intaneti. Novemba 23, 1996, Southampton ya kocha Graeme Souness ilimwingiza uwanjani Ali Dia, Msenegali, dhidi ya Leeds United kwenye Ligi Kuu England. Souness alikuwa amepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni George Weah, mwanasoka bora wa dunia wa mwaka 1995, akimsifia Dia kuwa ni ndugu yake na mchezaji wa timu ya taifa. Weah hakuwa amepiga simu yoyote.

Dia aliingia dakika ya 32 kuchukua nafasi ya Matt Le Tissier aliyeumia. Alikimbia huku na kule bila mpangilio, na dakika ya 85 akatolewa. Leeds wakashinda 2-0. Hiyo ndiyo mechi yake pekee ya Ligi Kuu.

Tofauti ya enzi hizo na sasa ni hesabu tu. Mpiga simu wa 1996 alimdanganya mtu mmoja, na uongo wake ukaonekana ndani ya dakika 53 mbele ya macho ya uwanja mzima. Mpiga fiksi wa leo anadanganya maelfu kwa posti moja, na hakuna dakika ya 32 ambapo analazimika kuingia uwanjani kuonyesha miguu yake.

DOGO ALIYEJIITA MWANDISHI

Miaka michache baada ya punda wa Moldova, mashabiki wa England walikuwa na mtu wao wa tetesi za usajili kwenye Twitter. Akaunti ilikuwa na jina la Samuel Rhodes, na picha yake ilionyesha kijana mtanashati. Maelezo yalisema ni mwandishi wa kujitegemea anayeandikia magazeti makubwa ya Uingereza. Wafuasi walipita 20,000. Wachezaji na waandishi wa kweli walikuwa wakijibizana naye.

Januari 2014 ukweli ukatoka. Rhodes hakuwepo. Aliyekuwa nyuma ya akaunti ni mwanafunzi wa London mwenye miaka 17, aliyekuwa akitupia 'habari za ndani' kati ya kipindi na kipindi shuleni.

Dogo huyu hakuwa mjinga. Alianza kama mashabiki wengine wanavyoanza, akitoa maoni yake kwa jina lake, na hakuna aliyemsikiliza. Nani amsikilize mtoto wa shule? Alipojigeuza mwandishi, watu walewale waliompuuza wakaanza kumuuliza: "Vipi, yule straika anakuja?" Alijua mashabiki wanataka kusikia nini, akawapa hicho. Alichanganya habari za kweli zilizokwishatoka sehemu nyingine na za kubuni. Ya kubuni ikigonga, anaitwa mwamba. Isipogonga, anasema dili limevunjika dakika za mwisho.

Hapo ndipo penye siri ya tetesi zote za usajili. Hazina siku ya kupimwa. Ukisema mvua itanyesha kesho, kesho tutaiona. Ukisema klabu ina 'mazungumzo ya awali' na winga fulani, hakuna anayeweza kukukamata, maana mazungumzo hayaonekani na kuvunjika kwake hakuna tarehe. Shabiki wa Kariakoo anaijua lugha hiyo kwa moyo: 'yupo angani', 'ameshatua usiku', 'kilichobaki ni kutambulishwa'. Wiki mbili baadaye mchezaji huyohuyo anatambulishwa Morocco na hakuna anayerudi kumuuliza aliyemshusha kwenye ndege.

ALIYEJUA GÖTZE ATAFUNGA

Julai 13, 2014, Ujerumani iliifunga Argentina 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Dunia pale Maracanã, Rio de Janeiro. Mario Götze alifunga dakika ya 113. Filimbi ya mwisho haijapoa, akaunti moja ya Twitter ikawa gumzo dunia nzima. Ilijitambulisha kama ya watu wanaofichua ufisadi wa FIFA, na siku moja kabla ilikuwa imeandika kwamba Ujerumani itashinda 1-0, kwamba itashinda kwenye muda wa nyongeza, kwamba bao litakuja kipindi cha pili cha muda huo, na kwamba Götze atafunga.

Tarehe zilikuwa halisi. Posti zilikuwa halisi. Watu wakasema haya, fainali ilipangwa, ushahidi huu hapa.

Ukweli ulikuwa mwepesi kuliko njama yoyote. Mwenye akaunti alikuwa ameandika matokeo kibao ya kila aina: huyu atafunga, yule atafunga, wale watashinda, hawa watashinda. Mechi ilipokwisha alifuta zote zilizokosea na kuacha chache zilizopatia. Ni sawa na mtu aliyechana mikeka yake 50 iliyoliwa, halafu akatembea mtaani na mmoja uliotiki akijiita nabii.

Baadhi ya waliokuwa wameona posti kabla hazijafutwa ndio waliomtoa nguo. Lakini picha zake zilikuwa zimeshasambaa, na zipo wanaoziamini hadi leo.

BIASHARA YA 'FIXED'

Aliyefanya hivyo kwenye fainali ya Maracanã alitafuta sifa. Kuna wanaotumia ujanja wa ukoo huohuo kutafuta hela, na hapa ndipo vijana wengi wa Afrika Mashariki wanapoumia. Ni wauza mechi za 'fixed' kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp.

Ukitaka kuelewa wanavyofanya, chukua kalamu. Tuseme muuzaji ana watu 900. Anawagawa makundi matatu. Watu 300 anawatumia kwamba timu ya nyumbani inashinda, 300 wengine anawaambia ni sare, na 300 wa mwisho anawaambia mgeni anashinda. Bure kabisa, hataki hata mia. Mechi ikiisha, 300 wamepatiwa kweli. Wale 600 anaachana nao, wengine anawablock.

Wiki ya pili anawagawa wale 300 kwa namna ileile. Wanaobaki ni 100. Wiki ya tatu anawagawa tena, wanabaki 33.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mmoja wa hao 33. Umepewa matokeo mara tatu, yote yametiki, na hujatoa hata shilingi. Kwa macho yako huyu jamaa anajua kitu. Ndipo anapokwambia mechi ya nne ni ya VIP, inalipiwa Sh50,000, tuma kwa namba hii. Wote 33 wakituma, ameingiza Sh1.65 milioni kwa wiki tatu za kutuma meseji, na wala hakuhitaji kujua chochote kuhusu mpira.

Hajamaliza. Anawagawa tena hao 33, kwa hiyo 11 kati yao wanashinda mechi ya nne pia. Hawa 11 ndio dhahabu yake. Watatoa ushuhuda kwenye kundi, tena kwa dhati kabisa, bila kulipwa, kwamba jamaa ni mtu wa kweli. Wale 22 walioliwa wakipiga kelele wanatolewa kwenye kundi na admini, na sauti zao zinaishia hapo. Anayeingia mgeni anakuta kundi zima linashangilia.

Ongeza hapo picha za mikeka zilizochezewa kwenye simu na salio la kubandika, na mtego umekamilika.

Jambo moja tu lingetosha kumzindua anayetaka kutuma hela. Upangaji wa mechi wa kweli upo na umewahi kufikishwa mahakamani katika nchi nyingi, lakini unaishi kwa siri. Hela nyingi zikimiminwa upande mmoja wa mechi isiyo na jina, kampuni za kubeti zinashtuka, zinashusha odds au zinafunga mechi. Mtu mwenye siri ya namna hiyo hawezi kuitangaza kwa watu 900 wa Telegram kwa elfu hamsini hamsini. Angekuwa nayo, angenyamaza.

MACHAWA WA BARCELONA

Mpaka hapo wahusika ni watu wa pembeni, mtunzi wa blogu, mwanafunzi, tapeli wa Telegram. Kisa kizito zaidi kilitokea ndani ya moja ya klabu kubwa kuliko zote duniani.

Februari 2020, redio ya Cadena SER ya Hispania ilitoboa kwamba Barcelona ilikuwa ikiilipa kampuni iitwayo I3 Ventures, na kwamba kampuni hiyo ilihusishwa na kurasa kadhaa za mitandaoni zilizojifanya ni za wapenda soka wa kawaida. Kazi yake, kwa mujibu wa redio hiyo, ilikuwa kumsafisha rais wa klabu, Josep Maria Bartomeu, na kuwachafua wanaompinga au wanaoweza kumtikisa.

Kilichowashangaza watu ni majina ya waliochafuliwa. Hawakuwa wa Real Madrid. Walikuwamo Lionel Messi na Gerard Piqué, wachezaji wa klabu hiyohiyo. Walikuwamo Pep Guardiola, Xavi Hernández na Carles Puyol, malejendi wake. Walikuwamo pia Víctor Font na Joan Laporta, wanasiasa wa klabu waliotazamwa kama wapinzani wa Bartomeu.

Shabiki wa Barcelona aliyekutana na ukurasa unaohoji kama Messi bado anaipenda klabu alidhani anabishana na shabiki mwenzake. Kumbe, kama madai hayo ni ya kweli, anayemjibu alikuwa analipwa kwa ada zilizotoka kwa wanachama kama yeye. Bongo tuna neno la watu wa namna hiyo: chawa. Tofauti ni kwamba chawa wa huku hujitangaza, unamwona anavyomsifia bosi wake. Hawa wa Barcelona walidaiwa kuvaa sura ya mashabiki.

Malipo nayo yalizua maswali. Ilielezwa kuwa kazi hiyo iligharimu karibu euro milioni 1, lakini ankara zilikatwa vipande vipande, kila kimoja chini ya euro 200,000, kiwango ambacho kikivukwa malipo yanahitaji kupita kwenye vikao vya juu vya klabu.

Bartomeu alikanusha. Alikubali kwamba kampuni iliajiriwa kufuatilia yanayosemwa mitandaoni kuhusu klabu, akakataa kwamba ililipwa kumchafua mtu yeyote, na mkataba ukavunjwa. Messi alisema hadharani kwamba suala lenyewe limemshangaza. Aprili 2020 wajumbe sita wa bodi walijiuzulu kwa mpigo, mmoja wao, Emili Rousaud, akidai kuna mtu ameingiza mkono kwenye kapu la fedha. Julai mwaka huo klabu ikasema ukaguzi wa PwC haukukuta kampeni ya kuchafua watu.

Lakini moto ulikuwa umeshika. Wanachama walikusanya zaidi ya saini 20,000 kutaka kura ya kutokuwa na imani, na Oktoba 27, 2020 Bartomeu na bodi yake wakaachia ngazi kabla kura haijapigwa. Machi 1, 2021 polisi wa Catalonia walivamia ofisi za klabu pale Camp Nou na kumkamata Bartomeu pamoja na watu wengine. Aliachiwa kesho yake. Siku sita baada ya kukamatwa kwake, Laporta, mmoja wa waliotajwa kuchafuliwa, alichaguliwa kuwa rais.

Wenye kadi za uanachama wa Simba na Yanga wana sababu ya kukisoma kisa hiki mara mbili. Klabu ya wanachama inaongozwa kwa kura, na kura hupigwa kwa kile mtu alichosikia. Kiongozi akipata njia ya kujitengenezea 'sauti ya mashabiki', hana haja tena ya kuwasikiliza mashabiki wenyewe.

KUVAA JEZI YA MTANI

Kuna aina nyingine ya fiksi ambayo haihitaji fedha, na kila shabiki wa Kariakoo ameshaionja. Mtu wa Simba anafungua akaunti, anaweka nembo ya Yanga, anajiita 'Mwananchi damu', halafu anaandika upuuzi wa kiwango cha juu ili Wananchi wote waonekane hamnazo. Mtu wa Yanga naye anajigeuza Mnyama wa Msimbazi na kufanya vilevile. Picha inapigwa, inapelekwa upande wa pili: "Oneni, hivi ndivyo wanavyofikiri." Ndani ya saa moja watu 2,000 wanamtukana mtu ambaye hayupo.

Utani wa jadi una raha yake, na mengine ni ya kucheka tu. Ila wenye kurasa kubwa wameshagundua kwamba hasira inalipa kuliko furaha. Posti ya 'hongereni vijana' inapata maua matatu. Posti yenye nukuu ya kubandika, kocha fulani 'akisema' watani ni timu ya mtaani, inapata maoni elfu. Kocha hakusema. Ametolewa picha kwenye mkutano wa waandishi, pembeni yake pameandikwa maneno yaliyopikwa sebuleni.

Kadiri watu wanavyobishana ndivyo ukurasa unavyokua, na ukurasa mkubwa ni mali. Unapokea matangazo au unauzwa. Ndiyo maana wapo waliolala wakifuata ukurasa wa timu yao, wakaamka wanafuata duka la viatu au mganga wa nyota.

Siku hizi hata kubandika maneno kumepitwa. Programu za akili mnemba zinatengeneza sauti ya mtu na video ya mdomo wake ukitembea. Barua ya klabu yenye nembo na sahihi inatengenezwa kwenye simu ndani ya dakika tano. Klabu zimebaki kuidaka picha hiyo, kuigonga mhuri mwekundu wa 'FEKI' na kuirudisha mtandaoni, huku ile ya kwanza ikiwa imeshafika kila kundi la familia.

USIWASINGIZIE ROBOTI

Pamoja na hayo, si kila ubaya wa mtandaoni ni wa akaunti feki, na hilo nalo linafichwa.

Julai 11, 2021, England ilifungwa na Italia kwa penalti kwenye fainali ya Euro pale Wembley. Waliokosa penalti upande wa England ni Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, wakati huo Saka akiwa na miaka 19. Usiku uleule walimwagiwa matusi ya kibaguzi mitandaoni. Wengi wakakimbilia kusema hao si mashabiki wa kweli, ni roboti na watu wasio na majina.

Twitter ilipochambua akaunti ilizozifunga moja kwa moja, ilisema asilimia 99 ya wenye nazo walikuwa wanatambulika, hawakuwa wamejificha. Ilisema pia kwamba Uingereza ndiyo iliyoongoza kwa machapisho hayo. Polisi walikuta pia mengi yametoka nchi nyingine, kwa hiyo wageni walikuwemo. Ila kisingizio cha 'si watu wetu' hakikusimama. Wengine walikuwa watu wenye majina na kazi zao, waliokuwa wamevaa jezi ya timu ileile ya Saka.

Beki wa Ligi Kuu Bara anayejifunga kwenye dabi anakutana na kitu hichohicho kwenye simu yake, na mara nyingi aliyemtukania mama yake ameweka picha yake mwenyewe akiwa amembeba mwanawe.

WATOTO NDIO WANAOLIPA

Fiksi mbaya kuliko zote haiwalengi mashabiki, inawalenga wanaotaka kuwa wachezaji. Kijana anapandisha video yake akicheza mchangani. Kesho yake anaingia mtu kwenye meseji, picha yake ina suti, nyuma kuna uwanja wa Ulaya. Anasema ni wakala na klabu imevutiwa. Barua ya mwaliko inakuja, ina nembo. Kisha inakuja ada ya viza, ada ya bima, ada ya kushughulikia. Mzazi anauza kiwanja au pikipiki, hela inatumwa, namba inazimwa. FIFPRO, chama cha wachezaji duniani, kimekuwa kikitoa tahadhari kuhusu mawakala feki na majaribio hewa ya aina hiyo.

Kinga zipo na hazihitaji elimu kubwa. Tangu Oktoba 1, 2023, kanuni za FIFA zinataka anayefanya kazi ya uwakala awe na leseni yake, inayopatikana kwa kufanya mtihani, na majina ya wenye leseni yanatafutika kwenye mfumo wa FIFA. Mtu asiyekuwemo humo si wakala, hata suti iwe ya bei gani. Pili, kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa. Anayemwahidi mtoto wa miaka 15 mkataba wa Ubelgiji mwezi ujao anadanganya kabla hata hujamuuliza jina. Tatu, klabu inayomtaka mchezaji kweli haimtumii mzazi namba ya kutuma hela.

Kwa shabiki wa kawaida pia kuna maswali ya kuuliza kabla ya kusambaza. Nani wa kwanza kusema? Ukifuata nyuma ukakuta kurasa kumi zote zinanukuu mmoja, hiyo ni habari moja, si kumi. Ukurasa huu ulianza lini na uliitwa nani kabla? Facebook na Instagram zinaonyesha tarehe ya kufunguliwa na historia ya kubadili majina kwa kurasa nyingi, ni kubofya mara mbili tu. Je, klabu yenyewe au TFF imeweka taarifa hiyo kwenye kurasa zake? Na huyu anayejua matokeo ya kesho, jana aliandika mangapi akayafuta?

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtishia anayesambaza taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha faini isiyopungua Sh5 milioni au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ila dirisha la usajili likifunguliwa, polisi hawawezi kukaa kwenye kila kundi la WhatsApp la Temeke na Kirumba. Aliyeko kwenye kundi ndiye anayeweza kuuliza, "Hii umeitoa wapi?" kabla kidole hakijagusa kitufe cha kusambaza. Akijibiwa 'imetumwa tu', ameshapata jibu lake.